Arobaini ya Mpigapicha

Bibi Trendafila wa ghorofa ya chini anasema alimwona Yavor Dyulgerov, kwa macho yake mwenyewe, akibandika tangazo la kifo cha Yavor Dyulgerov.

Anasema ilikuwa kabla ya saa kumi na mbili alfajiri, tarehe ishirini na tano Machi, naye alikuwa dirishani akimngoja paka wake arudi. Taa ya mlango wa jengo haiwaki tangu Februari, lakini kulikuwa kumeanza kupambazuka. Mtu akaja kwa miguu kutoka upande wa chuo. Alivaa lile koti la kijani la jeshi lenye kofia, ambalo mfuko wake wa kulia mama yake Yavor aliushona kwa uzi wa njano kwa sababu wa kijani ulikuwa umemwishia. Jengo zima linalijua koti hilo. Mtu huyo akatoa karatasi ndani ya jalada gumu, akaibandika mlangoni, akailaza kwa kiganja, kisha akaweka paji la uso juu yake. Muda aliokaa hivyo Bibi Trendafila anaupima kwa kahawa: ilikuwa baridi jikoni, ikachemka, ikamwagika, na mtu bado kainamia karatasi. Bibi akafungua dirisha akaita, Yavor, mwanangu. Mtu hakugeuka. Alirudi alikotoka, kichwa ndani ya kofia.

"Sasa wewe uliyesomea haya mambo, niambie," alimalizia. "Maiti ana haja gani ya kubandika karatasi? Mzima huyo. Kagombana na watu huko chuoni, anawatisha."

Mkaguzi Zlatina Parusheva alimwuliza kama habari hii kamweleza mtu mwingine. Bibi akaangalia pembeni. Kabla ya kuwapigia polisi alikuwa ameshapanda ghorofa ya nne kumwambia mama mtu.

Zlatina alitoka nje kuitazama karatasi. Aliyekuwa naye ni Sajini Asparuh Genkov, mtu mnene, aliyebakiza miezi mitano kustaafu, na mifuko yake yote imejaa mbegu za alizeti. Mlango ulikuwa na matangazo mengine matano ya misiba, mengine mapya, mengine yameshafuliwa na mvua. Lililobandikwa alfajiri lilikuwa na ukingo mweusi na picha ya Yavor akitabasamu kidogo, uso umegeukia kulia, kwenye maneno. Maneno yenyewe yalikuwa machache. *Siku arobaini bila Yavor Dyulgerov, mpigapicha, miaka thelathini na sita. Alituonyesha tulivyo.* Basi. Hapakuwa na saa ya ibada wala jina la kanisa, na chini kabisa, pale ambapo kila karatasi mlangoni iliandikwa kuwa imetoka kwa familia, palikuwa patupu.

Asparuh alisema huo ni mzaha wa wanafunzi. Zlatina alisimama akiwa ameikaribia karatasi. Ukingo wa juu ulimfika kidevuni, na Zlatina si mrefu. Yale mengine matano yalikuwa juu ya macho yake. Alipitisha kucha kwenye pembe: utepe wa gundi ulikuwa umefichwa kwa nyuma, pembe zote nne, na karatasi imenyooka kama iliyopimwa kwa rula. Yale mengine yalikuwa yamepigwa gundi kwa mbele, moja linaelekea kushoto, jingine linaanguka.

"Hii imebandikwa na mtu ambaye kazi yake ni kubandika," alisema.

Ghorofa ya nne walimkuta Mama Nedka Dyulgerova anajaza mchele kwenye pilipili hoho. Sufuria lilikuwa la kulisha watu kumi. Hakuwakaribisha, wala hakuwafukuza. Alisogeza kiti kwa mguu na kuendelea kujaza. Kwenye msumari wa mlango wa chumba cha mwanawe ulining'inia uzi wa Machi, mwekundu na mweupe, ule ambao watu hufungiana mkononi mwezi huo kutakiana heri, uliosukwa na haujavaliwa.

Aliwaeleza yale yale aliyoyaeleza mwanzoni mwa mwezi alipokwenda kuripoti kuwa mwanawe hapatikani, na Zlatina alikuwa nayo yote kwenye faili. Tarehe kumi na tano Februari Yavor alimtumia barua pepe, akaisomea kwenye kompyuta ya jirani, kwamba ameacha kazi chuoni na anakwenda Ujerumani, atapiga simu akishatulia. Hakupiga. Binamu yake wa Dortmund hakumwona. Polisi walipouliza, chuo kilijibu kwa taarifa ya mistari minne kwamba mfanyakazi huyo aliondoka kwa hiari yake na chuo kinamtakia mafanikio mema.

Zlatina alimwuliza kuhusu taa ya mlangoni. Mama Nedka alishangaa kidogo, akasema taa hiyo iliungua siku chache baada ya Yavor kuondoka, na hakuna wa kuibadilisha. Yeye ndiye aliyekuwa akiibadilisha, amesimama hivi hivi chini, bila ngazi wala kiti. Mita mbili kasoro vidole vitatu. Viatu vyake waliviagiza mji mkubwa, Plovdiv.

Asparuh aliacha kutafuna.

Zlatina aliuliza tena, kama nyumbani kuna picha nyingine ya Yavor. Mama akasema ya mwisho ni ya jeshini. Baada ya hapo yeye ndiye aliyekuwa akiwapiga wengine, harusi zao, mahafali yao, na hakuna aliyekumbuka kumgeuzia kamera. Hiyo ya mlangoni ameiona leo kwa mara ya kwanza. Aliteremka mara tatu kwenda kuitazama.

Halafu akaweka kijiko chini.

"Mkaguzi, maneno ya kunituliza sitaki. Ile barua nimeichapisha, naisoma kila siku kabla ya kulala, na leo Trendafila kaja kuniambia kamwona. Nataka neno moja tu kwako. Niendelee kumngoja au niache?"

Zlatina alimwambia atamjibu kabla jua halijazama. Mama Nedka akachukua pilipili nyingine.

Ndani ya gari Zlatina alifungua kalenda na kuhesabu kurudi nyuma siku arobaini. Ikatoka tarehe kumi na tatu Februari. Akafunga kalenda kwa hasira. Tarehe kumi na tatu jioni Yavor alikuwa ukumbi wa michezo akipiga picha za mpira wa kikapu, na watu mia tatu walimwona. Pengine Asparuh alisema kweli, ni mzaha, na aliyeandika hakujua lolote.

"Umehesabu kishule," Asparuh alisema. "Kanisani siku ya kufa nayo ni siku. Unaianza hiyo kuwa ya kwanza. Mimi nimezika baba, mama na mama mkwe, najua, na wa mwisho nilihesabu kwa makini kuliko wote."

Zlatina alihesabu tena. Tarehe kumi na nne.

Tarehe kumi na nne Februari ilikuwa sikukuu ya kupogoa mizabibu. Chuo ni cha kilimo na divai, kina shamba lake mteremkoni, na siku hiyo wote huwa huko tangu asubuhi, walimu, wanafunzi, padri, ngoma na mapipa. Juu kampasi hubaki tupu. Na barua ya kwenda Ujerumani iliandikwa siku iliyofuata.

"Kwa hiyo aliiandika akiwa na siku moja kaburini," Asparuh alisema, na hakucheka.

Getini walipokewa na mkurugenzi wa utawala, Ognyan Shterev, aliyekuwa akikagua utepe wa ukumbi mpya. Waziri angekuja keshokutwa kuufungua. Alizungumza nao akitembea. Alisema amesikia habari za karatasi hiyo ya kipumbavu, nakala yake ilibandikwa hata kwenye kituo cha basi na ameshaibandua. Polisi wanakaribishwa sana, Jumatatu, baada ya sherehe. Na mambo yote ya kusema yanasemwa na ofisi ya mawasiliano, ghorofa ya pili, mlango wa kioo. Zlatina alimshukuru, akamwomba nakala hiyo akaitia mfukoni, akamwacha Asparuh abaki naye.

Mkuu wa mawasiliano na uhusiano wa umma wa kampasi hiyo ni Radosveta Minkova. Miaka kumi na tisa hakuna neno lililotoka chuoni bila kupita kwake, wala picha, wala bango. Waandishi wa habari wa wilaya nzima wana namba yake. Mwanafunzi akilewa na kuanguka mtoni, ni yeye anayeandika sentensi itakayosomwa redioni. Profesa akitunukiwa, ni yeye anayemnyooshea tai. Zlatina alimkuta anazungumza na simu mbili, akimweleza mmoja kwamba waziri atasimama kushoto, na mwingine kwamba chuo hakina la kuongeza. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, wa miaka arobaini na kitu, miwani mikubwa, nywele zimefungwa kwa penseli. Hata akiwa na viatu vya visigino alimfika Zlatina puani.

Wasichana wawili wa ofisi walitumwa chini kwenda kupanga viti. Radosveta alimimina kahawa vikombe viwili. Alisema ameiona karatasi, inasikitisha, na taarifa ameshaiandaa.

Alimsogezea. Mistari minne.

Zlatina hakuisoma. Alikuwa akisoma kilichobandikwa ukutani juu ya meza ya wasichana, masharti ya kazi ya ofisi, kumi na moja, yamechapwa vizuri. La nne lilisema: *Uso kwenye picha utazame maneno, usiyape kisogo.* Karatasi hiyo ya masharti ilikuwa imenyooka, na pembe zake hazikuonyesha gundi. Aliuliza kama angeweza kuona hifadhi ya picha.

Radosveta aliifungua. Ilikuwa na picha zaidi ya elfu kumi na nne, zimepangwa kwa tarehe, zote za Yavor. Zlatina akaomba aonyeshwe za Yavor mwenyewe.

"Hazipo," Radosveta alisema. "Alikuwa nyuma ya kamera."

"Mama yake kasema hivyo hivyo." Zlatina alitoa mfukoni nakala iliyobanduliwa kituo cha basi na kuiweka kati ya vikombe. "Basi hii kaipiga nani?"

Radosveta alisema labda mwanafunzi. Zlatina akasema hapana, mwanafunzi anapokupiga picha unaitazama kamera. Huyu haitazami kamera, anamtazama aliyeishika, na anangoja amalize ili arudishiwe, na hana haraka ya kurudishiwa. Hilo si la kipolisi, akasema, mtu yeyote analiona. Bibi anayefuga paka angeliona, kama macho yake ya karibu yangekuwa mazima.

Radosveta alinyanyua kikombe akakirudisha bila kunywa.

"Nionyeshe tarehe kumi na nne," Zlatina alisema.

Zilikuwa picha thelathini na tatu. Padri, mizabibu, mkasi, divai inamwagwa kwenye shina. Ya mwisho ilikuwa ya saa tano na dakika nane. Zlatina akaomba za tarehe kumi na tano. Ilikuwa moja tu, na hakuipiga Yavor: uwanja wa mbele wa ukumbi mpya, zege mbichi imefunikwa blanketi na nailoni, na juu ya nailoni barafu nyeupe. Picha hiyo ilikuwa imewekwa kwenye tovuti ya chuo kwa maneno *Kazi inaendelea*.

Zlatina aliinamia kompyuta kwa muda.

"Baba yangu alikuwa fundi," alisema. "Siku ile ilikuwa digrii sita chini ya sifuri. Hakuna fundi anayemwaga zege kwenye baridi ile. Inapasuka. Unangoja Machi, hata waziri akilia. Labda uwe na haraka ya kufunika."

Radosveta aliigeuza ile taarifa yake, maneno yakaangalia meza.

"Nimeziangalia picha za jengo hili kwenye tovuti yenu wakati nakuja. Zote za jua, zote za Yavor, mbingu ya buluu, mafundi wanacheka. Hii moja tu ni mbaya. Kila kinachotoka hapa kinapita kwako. Kwa nini uliitoa?"

"Nilingoja mtu aulize," Radosveta alisema.

Akavua miwani. Aliongea taratibu, kama anayemsomea mwandishi wa habari taarifa kwa simu, na Zlatina aliandika bila kumkatiza.

Alihitaji picha moja kutoka juu, kwa jalada la kijitabu cha chuo: mizabibu, theluji, watu wadogo wadogo na ngoma. Aliiandika kwenye karatasi ya kazi na kuitia sahihi. Yavor akamwambia mbao za viunzi vya kupandia mafundi pale ukumbini zina barafu, angoje kesho. Yeye akamwambia kesho hakuna sikukuu. Alisema hivyo akicheka, naye Yavor akacheka, akavua koti ili mikono iwe huru, akampa amshikie. Alimpungia mkono kutoka juu. Halafu hakuwa juu.

Kampasi nzima ilikuwa shambani. Aliyekuja mbio ni Ognyan Shterev peke yake. Alipiga magoti, akamgusa shingo, akasema imekwisha, daktari hatamrudisha. Kisha akamweleza, kwa upole, ndivyo alivyosema Radosveta, kwa upole kabisa, kwamba viunzi havikuwa vimekaguliwa, kwamba jengo likisimamishwa chuo kitafungwa, na kwamba sahihi iliyompandisha Yavor si ya kwake yeye Ognyan. Usiku ulifanya mengine. Asubuhi gari la zege likaja, na mwenye gari aliambiwa amwage asiulize. Aliyeandika barua ya kwenda Ujerumani ni yeye, Radosveta, kwa kuwa alikuwa na nywila ya Yavor na kwa kuwa hakuna mwingine pale anayejua kuandika.

"Miaka minne," alisema. "Hapa hakuna aliyejua. Mkuu wa ofisi na mpigapicha wake, tungekuwa mdomoni mwa kila mtu, na mimi ndiye niliyekuwa nikizima vinywa. Nilimwambia tungoje jengo liishe. Kila mara nilikuwa na kitu cha kungoja kiishe."

Zlatina alimwuliza kwa nini karatasi, na kwa nini leo.

Radosveta alisema arobaini haipiti hivi hivi. Watu wengine wanaweza, yeye hakuweza. Mtu kufa na asiwe hata na karatasi mlangoni kwao, kama mbwa. Alifikiri mama yake akiiona atajua, atalia, ataacha kungoja. Hilo tu ndilo alilotaka kumpa, aache kungoja. Koti alilivaa kwa sababu kulikuwa na baridi. Kisha akasema hapana, si kwa sababu ya baridi.

"Jirani alikuona," Zlatina alisema.

"Alinijua?"

"Alilijua koti. Kamwambia mama kwamba mwanawe ni mzima, kamwona kwa macho yake akija mwenyewe mlangoni." Zlatina alifunga daftari. "Anapika. Pilipili za kujaza, sufuria zima. Na ile barua yako ameichapisha. Anaisoma kila siku kabla ya kulala."

Radosveta aliweka mikono yote miwili juu ya meza, vidole vimetanda, kama mtu aliye ndani ya mashua. Hakulia. Simu yake ya kwanza iliita ikakatika, ya pili ikaita ikakatika. Mlango wa kioo ukafunguka kidogo na Asparuh akaingiza kichwa. Akasema bwana mkurugenzi yuko garini chini ya ulinzi, ametulia, na fundi wa mashine ya kuvunjia zege, yule ambaye Zlatina aliagiza aitwe tangu wakiwa njiani, anauliza aje sasa hivi au baada ya chakula cha mchana. Zlatina alimwonyesha kidole, angoje. Asparuh akamtazama mwanamke aliyekuwa mezani, akarudisha mlango polepole.

"Mkaguzi," Radosveta alisema. "Sikuombi lolote kwa ajili ya kesi. Nitatia sahihi kila ukurasa, nitawaonyesha mahali, hatua ngapi kutoka mlangoni. Nipe saa moja kabla hawajaanza kuvunja. Nifikishe kwake, nimwambie mimi. Kwa mdomo. Sijawahi kumwambia yule mama neno hata moja ambalo sikulitunga kwanza."

Chini dirishani wale wasichana wawili walikuwa wakipanga viti juu ya zege, safu kwa safu, na mmoja wao akijaribu kipaza sauti, moja, mbili, moja, mbili. Zlatina alisimama akawatazama, mkono kwenye simu iliyo mfukoni.

"Saa moja," Radosveta alisema tena nyuma yake. "Nakuomba, dada."